Mbono, nyonyo na mbono kaburi: ni mmea mmoja?

Dada mmoja anayeuza mafuta ya nywele kaniuliza hivi: "Mwalimu, kwenye chupa niandike mafuta ya mbono, ya mbarika au ya nyonyo? Na mbono kaburi ni hiyohiyo?"

Dada yangu, hayo matatu ya kwanza ni mmea mmoja, Ricinus communis. Mbarika na mbono utayakuta kwenye kamusi za zamani, ila madukani Tanzania watu wanaomba nyonyo, kwa hiyo mimi ningeandika mafuta ya nyonyo. Mti wenyewe ni mnyonyo, wingi minyonyo, mbegu ndo nyonyo.

Mbono kaburi sasa ni mwingine kabisa, usije ukalikata hilo neno kaburi hata siku moja! Huo ni Jatropha curcas, ule wa kupandwa uzio na makaburini, ambao miaka ya 2000 watu walihimizwa waulime kwa ajili ya dizeli. Mbegu zake ni sumu, za nyonyo nazo ukizitafuna ni sumu kali, ila mafuta ya nyonyo yakishakamuliwa vizuri sumu inabaki kwenye mashudu.

Wazee hawakukosea kuipa mimea hiyo miwili jina moja la mbono, walitazama mbegu na mafuta. Wataalamu wa mimea wao wanatazama ua na tunda, wakaiweka yote kwenye familia ya Euphorbiaceae, na humo kuna mnyaa, muhogo, mpira, jumla spishi zaidi ya 6,000. Lichukue tunda la nyonyo lile lenye miiba laini, likikauka linapasuka vipande vitatu kila kimoja na mbegu yake, halafu nenda kaangalie la mbono kaburi au la muhogo, utakuta vyumba vitatu vilevile. Wengi wanadhani alama ya familia ni yale maziwa meupe yanayotoka mmea ukikatwa, lakini mnyonyo hauna maziwa na bado ni ndugu. Na sikuhizi vipimo vya DNA vimehamisha baadhi, mfano mkwamba ulikuwa humo ukapelekwa familia ya jirani, Phyllanthaceae.

Kwa Kiswahili familia hii wengine huiita ya mtongotongo. Mimi napenda familia ya mnyaa, maana jenasi ya mnyaa (yaani kundi la spishi za karibu), Euphorbia, ndo iliyoipa familia jina na peke yake ina spishi kama 2,000, halafu mnyaa kila mtu anaujua, upo kwenye ua wa nyumba kibao. Msiuite kaktasi tafadhali, kaktasi asili yake Amerika na ukiikata nyingi hazitoi maziwa.

Neno linalochanganya zaidi ni mpira. Kisamvu cha mpira hakitoki kwenye mpira wa matairi, ule ni Hevea. Kinatoka Manihot glaziovii, ndugu wa damu wa muhogo, jenasi moja, ndo maana majani yake yanatwangwa na kupikwa kama kisamvu cha kawaida, na yachemshe muda mrefu sana kwa sababu yana sumu ya sianidi.