Weka Kalamu Mezani Kabla ya Kutumia Kanuni ya Mkono wa Kulia

Katika miaka niliyofundisha fizikia, nimeona wanafunzi wengi wakiikariri kanuni ya mkono wa kulia, yaani njia ya kutumia vidole kupata mwelekeo wa kani au wa uga wa sumaku (eneo ambamo nguvu ya sumaku huhisika), neno kwa neno, kisha wakapata jibu lililo kinyume kabisa na lile sahihi. Nilidhani wanasahau kidole kipi kinasimamia nini, hadi nilipoanza kupita kati ya madawati wakati wa mazoezi na kutazama mikono yao badala ya madaftari. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika kalamu, na vidole vilivyokuwa vikikunjwa hewani, bila wenyewe kufahamu, vilikuwa vya kushoto. Tangu siku hiyo sharti langu la kwanza ni kuweka kalamu mezani.

Kisha chagua umbo moja la kanuni na udumu nalo. Kwa chembe yenye chaji inayopita katika uga wa sumaku, mimi huelekeza hivi: vidole vinne vilivyonyooka vifuate mwendo wa chembe, vikunjwe kuelekea upande wa uga, na kidole gumba kitaonyesha kani. Mpangilio huo usibadilishwe, kwa sababu anayeanza na uga na kumalizia na mwendo hupata kani iliyogeuka. Chukua protoni, yenye chaji chanya, inayokwenda kulia katika uga unaoingia ndani ya karatasi: gumba litaelekea upande wa juu wa ukurasa. Ikiwa ni elektroni, yenye chaji hasi, tafuta kwanza jibu la chaji chanya, kisha uligeuze. Wapo wanaotumia mkono wa kushoto kwa chaji hasi, na jibu lao ni sahihi, lakini siishauri njia hiyo kwa anayeanza, kwani humrudisha katika mkanganyiko uleule.

Kwa waya unaopitisha mkondo wa umeme, gumba hufuata mkondo na vidole vinavyouzunguka waya huonyesha uga. Hapa ninasisitiza jaribio kuliko kukariri. Mwaka 1820 mwanafizikia wa Denmark, Hans Christian Ørsted, aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye umeme, na mwanafunzi anaweza kuona jambo hilohilo kwa betri, waya na dira ndogo, mradi aunganishe kwa sekunde chache tu ili waya usipate moto. Atabiri kwa mkono wake sindano itageukia wapi, aunganishe, kisha abadilishe ncha za betri na kutabiri tena.