Tazama mkono ulioshika kipanya

Walimu wenzangu mnaofundisha kompyuta, nawaomba jambo moja: msitosheke na idadi ya wasichana walio darasani, tazameni mikono. Katika shule nyingi za huku kwetu Eastlands, mashariki mwa Nairobi, kompyuta moja huzungukwa na wanafunzi watatu, wanne. Pita katikati yao uone. Mvulana kashika kipanya, mwenzake anaelekeza kwa kidole kwenye skrini, na msichana ana daftari, ananakili hatua kwa mwandiko safi. Maswali ya nadharia atayajibu vizuri. Mwambie aandike programu mwenyewe, atakwama, na mwisho wa mwaka atasema somo hili si lake. Atalipendaje somo ambalo hajaligusa?

Kwangu, kilichosaidia ni saa ya ukutani. Kila baada ya dakika kumi wanabadilishana, na aliye pembeni haruhusiwi kugusa kitu hata akiona kosa. Aseme kwa mdomo. Wavulana watanung'unika. Usilegee. Kuna msichana aliyekuwa akibonyeza herufi kwa kidole kimoja, kikundi kizima kinamngoja. Alisahau nukta mbili mwishoni mwa mstari wa Python, lugha ya kuandikia programu, programu ikagoma, na jirani yake akanyoosha mkono amsaidie. Nilimzuia. Binti akasoma ujumbe wa kosa kwa sauti, akaurudia, akapanda hadi kwenye ule mstari, akaziweka nukta zake. Ilikubali. Wiki iliyofuata alifika maabara kabla yangu.

Saa ya klabu ya kompyuta nayo ina maneno yake. Ukiiweka jioni baada ya masomo utabaki na wavulana, kwa sababu wasichana wengi wanangojwa nyumbani: kupika, kuchota maji, kuchukua wadogo zao. Tena mzazi hataki binti yake apande matatu gizani, na ana haki. Yetu hukutana mchana, baada ya chakula.

Wasichana wanapotajiwa wataalamu, wasisikie wa ng'ambo tu. Ory Okolloh na Juliana Rotich ni miongoni mwa waasisi wa Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani, iliyozaliwa hapa Kenya mwaka 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. AkiraChix ilianzishwa na wanawake hapa hapa Nairobi mwaka 2010, kufunza wasichana teknolojia.

Wazazi pia waite, binti awaonyeshe kazi yake mwenyewe kwenye kompyuta. Ila waite mapema, muhula mmoja kabla ya kuchagua masomo. Fomu zikishajazwa, ni vigumu kumrudisha.