Maswali ya Wasomaji: Bangkok kwa Mpenzi wa Muay Thai

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: mtu wa michezo ya mapigano akitaka kwenda Bangkok kwa ajili ya Muay Thai, ndondi ya Kithai ya ngumi, mateke, magoti na viwiko, ajipange vipi? Tumechagua tano.

Nina mkanda wa kahawia wa karate, miaka minane sasa. Nimeweka akiba ya wiki tatu Bangkok. Je, nifanye mazoezi mara mbili kwa siku kama wenyeji ili nisipoteze muda? – H.K., Tanga

Hapana, ndugu H.K., na hili ndilo kosa linalowaharibia safari wageni wengi kuliko jingine lolote.

Tazama kwanza siku ya kambi ilivyo. Vipindi ni viwili, asubuhi na alasiri, kila kimoja kama saa mbili. Unaanza kwa kuruka kamba dakika 15 hadi 20, kisha kupiga hewa raundi tatu. Zinafuata raundi tatu hadi tano za kupiga pedi anazoshika mwalimu, za dakika tatu au nne kila moja, halafu gunia raundi nyingine kama hizo. Baada ya hapo mnashikana shingo na kupigana magoti, pengine nusu saa mfululizo bila kuachiana. Mwisho ni magoti mia kwenye gunia na mazoezi ya tumbo. Mabondia wa pale wanaofanya hivyo mara mbili kwa siku walianza wakiwa watoto, na kati ya vipindi hivyo hula na kulala. Wewe mchana utakuwa ukitembea mjini juani.

Mgeni anayeanza kwa kasi hiyo huvunjika kwa mpangilio unaojulikana. Siku ya tatu nyayo zinatoka malengelenge, kwa sababu anageuka pekupeku juu ya turubai au mkeka. Siku ya nne au ya tano ugoko unavimba. Wiki ya pili shingo haigeuki, kwa kuwa kushikana shingo kunatumia misuli ambayo karate haiigusi. Wiki ya tatu anaimalizia kitandani.

Panga hivi: siku nne za kwanza kipindi kimoja tu, cha alasiri. Siku ya tano pumzika. Wiki ya pili ongeza asubuhi mbili, lakini za kukimbia na kupiga hewa tu, bila pedi. Wiki ya tatu jaribu vipindi viwili kwa siku mbili au tatu zisizofuatana. Kila asubuhi kabla hujainuka kitandani hesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja. Yakizidi ya kawaida yako kwa kumi au zaidi, siku hiyo ni ya kupumzika. Jumapili kambi nyingi hufungwa, basi usilipie siku ambayo haipo.

Sasa teke lako. Mawashi geri, teke la mzunguko la karate ulilofundishwa, hutua kwa mgongo wa unyayo na kurudi haraka. Ukilipiga hivyo kwa mtu wa Muay Thai, yeye atainua ugoko au atashusha kiwiko, na mifupa midogo ya unyayo ndiyo itakayovunjika. Teke la Kithai, *te*, hutua kwa ugoko, sehemu ya chini ya katikati, na nguvu yake inatoka kwenye nyonga. Mguu uliosimama unainuka kwenye vidole na kugeuka mpaka kisigino kimwelekee mpinzani. Kisigino kikibaki chini, goti ndilo linalosokotwa, na wengi huumia goti la mguu ambao hata haukupiga. Mkono wa upande wa teke unafagia chini, ule mwingine unabaki shavuni. Mazoea ya kurudisha ngumi kiunoni yaache nyumbani, na msimamo mpana wenye uzito mbele nao uuache, maana mguu huo wa mbele utapigwa pajani mpaka ushindwe kusimama.

Ugoko haukomazwi kwa kuviringisha chupa wala kwa fimbo. Mfupa hukomaa kwa kupiga gunia taratibu, miezi na miezi. Lenga katikati ya gunia: vitambaa vilivyomo hushuka kwa uzito, hivyo sehemu ya chini huwa ngumu kama gogo.

Na ujue maneno matatu: *bao bao*, yaani bila nguvu nyingi, *jep*, inauma, *pho*, basi. Mwalimu mwite *khru*, na anayekuzidi umri mwite *phi*, kama sisi tunavyosema kaka au dada.

Nitakuwa Bangkok usiku tatu tu kwa biashara ya nguo Pratunam. Niende uwanja gani kuona mapambano, na nitaelewaje kinachoendelea? – B.O., Nairobi

Viwanja vyenye heshima ya zamani ni viwili. Rajadamnern ulifunguliwa mwaka 1945, upo katika mji wa kale. Lumpinee ulifunguliwa mwaka 1956 na uko chini ya jeshi. Hapa ndipo wageni wanapopotea: Lumpinee ya zamani ilikuwa karibu na bustani ya Lumphini, lakini tangu 2014 uwanja umehamia barabara ya Ram Intra, kaskazini kabisa, upande wa uwanja wa ndege wa Don Mueang. Kituo cha treni ya chini ya ardhi bado kinaitwa Lumphini, na ukishuka hapo utaikuta bustani tu. Panda treni ya juu, BTS, hadi Wat Phra Sri Mahathat, kisha teksi ya mwendo mfupi.

Kwa usiku tatu, chagua Rajadamnern. Kutoka Pratunam kuna boti za mfereji wa Saen Saep hadi gati la Phanfa Leelard, halafu mwendo wa miguu kama robo saa. Boti ni nafuu na haijui foleni. Lakini usiitegemee kurudi, kwani huduma huisha mapema, wakati mapambano yanaendelea hadi usiku. Rudi kwa teksi ya mita, inayoanzia baht 35, au uite kwa programu ya simu. Bajaji zao, tuk-tuk, hazina mita. Patana bei kabla hujapanda. Tiketi nunua dirishani au kwenye tovuti ya uwanja wenyewe, si kwa wanaokukimbilia barabarani.

Uliza pia ni usiku wa aina gani. Ijumaa pale Lumpinee, tangu Januari 2023, kuna mapambano ya kampuni ya ONE: raundi tatu, glavu ndogo, kasi kubwa. Yanasisimua, lakini anayetaka kuuelewa mchezo wenyewe atafute usiku wa kimila wenye raundi tano za dakika tatu, na mapumziko ya dakika mbili kati yake.

Usichelewe, kwa sababu jambo zuri linaanza kabla ya ngumi ya kwanza. Bondia anaingia amevaa *mongkhon*, utepe wa kimila, kichwani, anazunguka ulingo akigusa kamba, kisha anacheza *wai khru ram muay*, ngoma ya kumheshimu mwalimu wake na kambi yake. Mwalimu ndiye anayemvua *mongkhon*. Muziki wake hupigwa palepale kwa zumari, ngoma mbili na matoazi madogo, na huongeza kasi pambano linapochacha. Anayetoka pwani yetu hatachukua muda kuuelewa uhusiano wa zumari na mwili wa mchezaji.

Raundi mbili za kwanza utaziona baridi. Mabondia wanapimana, na wacheza kamari jukwaani wanapanga dau kwa ishara za vidole. Raundi ya tatu na ya nne ndizo zinazoamua. Majaji wanatoa uzito mkubwa kwa teke la mwilini, goti, na mizani ya mwili: aliyepigwa akayumba amepoteza zaidi ya aliyepigwa akasimama wima. Ngumi isiyomtikisa mtu haihesabiwi sana, na hapo ndipo mpenzi wa ndondi huona kama majaji wamekosea. Raundi ya tano ukimwona bondia anarudi nyuma huku akicheza kwa miguu, usimzomee: anajua anaongoza, na analinda ushindi wake. Dau usiweke.

Binti yangu wa miaka 19 anataka kwenda mwezi mzima. Sina raha. Nitajuaje kambi nzuri? – Mama F., Mombasa

Mama F., wasiwasi wako una msingi, na unaweza kuugeuza kuwa masharti. Asilipie mwezi kabla ya kufika. Alipie kipindi kimoja, na kabla ya hapo akae pembeni atazame kimoja kizima. Atazame mambo haya: mkeka unapigwa deki kila siku? Mwalimu anarekebisha wanaoanza, au anashika pedi huku akitazama simu? Kuna wanawake wengine? Anayeshikana shingo na mwanafunzi mgeni ni mtu wa uzito wake, au yeyote aliye karibu? Kwenye kushikana shingo miili hukutana kabisa, kwa hiyo ana haki ya kuomba mwenzake awe mwanamke, na kambi yenye adabu haitashangaa. Ikishangaa, atoke.

Atakutana na mila moja: katika kambi za zamani mwanamke hupita chini ya kamba ya mwisho ya ulingo, mwanamume juu. Wanawake hawakupigana Lumpinee mpaka mwaka 2021. Mambo yanabadilika, ila akiwa mgeni afuate alichokikuta.

Hatari inayosahauliwa ni ngozi. Joto, jasho na mkeka wa watu wengi huleta choa na majipu. Bandeji za mikono, za mita 4.5, awe nazo jozi tatu, na azifue kila siku. Aoge kwa sabuni mara tu baada ya mazoezi, si baada ya kufika hotelini. Mchubuko wowote uoshwe na kufunikwa kabla ya kipindi kingine. Jipu lenye wekundu unaotanuka au homa ni la daktari siku hiyohiyo, asilikamue. Mafuta ya kuchulia wanayotumia Wathai yana moto mkali, yasiguse kidonda wala macho.

Kinga ya meno anunue nyumbani na aizoee. Glavu anunue kule: aunsi 10 au 12 kwa pedi, 16 kwa mapambano ya mazoezi. Karibu na Rajadamnern kuna maduka ya vifaa. Kaptula zao ni ndogo, ajaribu kabla ya kulipa.

Bima ya safari isomwe neno kwa neno. Nyingi haziwalipi walioumia kwenye michezo ya mapigano, hata kama ni mazoezi tu.

Cheti cha homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo, na chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla. Akifika Suvarnabhumi, uwanja mkuu wa ndege wa Bangkok, aanzie dawati la ukaguzi wa afya kabla ya foleni ya uhamiaji. Akipanga foleni kwanza atarudishwa nyuma. Kadi ya kuwasili ya Thailand hujazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Kwa viza aulize ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi. Ipo viza ya DTV, iliyoanza 2024, inayokubali mafunzo ya Muay Thai, lakini inataka akiba ya baht 500,000. Kwa mwezi mmoja haina haja.

Chakula halali kinapatikana? Na nikienda Ramadhani nifanyeje? – S.A., Maskati

Kinapatikana, ukijua pa kwenda. Ban Krua, kando ya mfereji wa Saen Saep, ni mtaa wa Waislamu wa siku nyingi. Kuna eneo la msikiti wa Haroon kule Bang Rak, karibu na mto, na mitaa ya Waarabu upande wa Nana, barabara ya Sukhumvit, soi (kichochoro) ya 3. Kwenye vibanda vingine kusema *mai sai mu*, usitie nguruwe, hakutoshi, maana kikaangio hichohicho huwa kimepita mafuta ya nguruwe. Tafuta alama ya halali.

Ramadhani, kipindi cha alasiri huisha karibu na magharibi, na jua la Bangkok huzama kati ya saa kumi na mbili kasoro robo na saa moja kasoro dakika kumi mwaka mzima. Usikifanye ukiwa umefunga: kwa unyevu ule mtu hupoteza lita moja na zaidi kwa jasho. Tafuta kambi yenye kipindi cha usiku kwa wafanyakazi wa maofisi. Ukiwa hujafunga, jipime uzito kabla na baada. Kila kilo iliyopungua irudishe kwa lita moja na nusu, kidogo kidogo. Maji matupu peke yake hayafai. Kwenye lita moja ya maji tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vya kusawazisha. Novemba hadi Februari joto ni la kustahimilika, ila moshi na vumbi la hewani huwa baya kuanzia Desemba. Mwenye pumu aende na dawa yake.

Kuna kambi imeniahidi pambano la kweli baada ya wiki mbili. Nikubali? – J.N., Lubumbashi

Kama hujawahi kupigana na viwiko, kataa. Kiwiko hakiangushi tu, kinapasua, na kovu la juu ya jicho hufunguka tena mazoezini kwa miezi. Ukiwa na uzoefu na bado unataka, uliza kwa maandishi: mpinzani ana uzito gani, amepigana mara ngapi, viwiko vinaruhusiwa, daktari yupo ulingoni, na nani analipa hospitali. Jibu la "usijali" kwa lolote kati ya hayo ni sababu ya kutosha kukataa. Na ukipigwa kichwani mazoezini ukapata kichefuchefu, maumivu ya kichwa au giza la macho, hakuna pambano wala mapambano ya mazoezi mpaka daktari akuruhusu, hata kama bango limeshabandikwa na picha yako ipo.