Feni inazunguka sekunde mbili kisha mashine inazima: usinunue mazabodi kwanza

Ndugu, umeeleza kwamba kompyuta uliyoiunga mwenyewe kwa ajili ya filamu na muziki sebuleni, ukibonyeza swichi, huzungusha feni kwa sekunde mbili kisha huzima, na kwamba fundi amekwishakushauri ununue mazabodi mpya, yaani ule ubao mkuu unaounganisha sehemu zote. Naomba uchelewe kidogo kulipa, kwa sababu ya kwangu, inayoendesha Kodi, programu ya kuchezea filamu na muziki, chini ya runinga, ilikuwa na dalili hiyo hiyo baada ya umeme kukatika na kurudi, na mazabodi ilikuwa nzima kabisa.

Kwanza achana na diski. Mimi nilipoteza jioni nzima nikiishuku, ilhali diski iliyokufa kwa kawaida haiizuii mashine kuonyesha maandishi ya bayosi, ile programu ya kwanza inayoamsha mashine. Mashine inayozima kabla ya runinga kuonyesha chochote mara nyingi ina tatizo la umeme, ramu (kumbukumbu ya muda) au prosesa (ubongo wa kompyuta), au kuna chuma kinachogusa mahali kisipotakiwa. Kwa hiyo toa mazabodi kwenye kasha, ilaze juu ya boksi kavu la karatasi, na ubakize prosesa, feni yake na ramu moja tu. Skrubu moja iliyodondoka nyuma ya mazabodi inatosha kuleta balaa lote hili. Hakikisha pia kwamba plagi ndogo ya pini 4 au 8 inayolisha prosesa imeingia sawasawa, kwani wengi huchomeka ile kubwa ya pini 24 wakaisahau hiyo.

Yangu iliendelea kuzima, nikageukia pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme, na hapa ndipo nilipodanganyika. Nilifanya jaribio ambalo mafundi wengi wanalijua: plagi kubwa ikiwa imechomolewa kwenye mazabodi, unaunganisha tundu la waya wa kijani na la waya mweusi kwa kipande cha waya. Feni yake ikazunguka, multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, ikasoma volti 12 kwenye waya wa njano, nami nikaamini ni nzima. Kosa langu lilikuwa kuipima bila mzigo, yaani bila mashine ya kuilisha. Nilipoirudisha kwenye mazabodi na kushikilia ncha za multimita kwenye waya wa njano na mweusi wakati wa kuwasha, volti zilishuka hadi 10 na ushei kabla ya kuzima, ilhali upungufu unaoruhusiwa ni asilimia 5, yaani zisiende chini ya 11.4. Nikimulika tochi kupitia matundu yake niliona kapasita mbili, vile vijipipa vinavyohifadhi umeme, zimevimba vichwa. Tafadhali usiifungue pawa saplai, maana ndani mna kapasita kubwa inayoweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa plagi ukutani. Niliazima nyingine kwa jirani, na mashine ikawaka.

Hata hivyo bayosi ilidai kwamba haioni mfumo endeshi. Betri ya saa, ile ya mviringo iitwayo CR2032, ilisoma volti 2.1 badala ya 3. Kumbe ilikuwa imechoka siku nyingi, ila mradi plagi ilikuwa ukutani, volti 5 ambazo pawa saplai huendelea kutoa hata mashine ikiwa imezimwa ndizo zilizokuwa zikitunza mipangilio. Umeme ulipokatika, bayosi ikarudia mipangilio ya kiwandani, ikaanza kutafuta mfumo kwenye diski ya nje ya USB yenye filamu tu, na ikakwama hapo. Nilibadili betri, nikaipa diski ya ndani nafasi ya kwanza, na ujumbe ule haukurudi tena. (Wenye mazoea ya kuzima swichi ya ukutani kila usiku huigundua betri mbovu mapema zaidi.)

Kabla ya kununua chochote, azima pawa saplai yenye wati zisizopungua za kwako, uijaribu mazabodi ikiwa nje ya kasha. Ikizima vilevile, badilisha ramu na tundu lake, kisha uniandikie volti za waya wa njano ulizopata wakati wa kuwasha.