Tangi la samaki sebuleni, pampu besmenti: umeme ukikatika, maji yataenda wapi?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, sasa naishi Saint Paul, Minnesota. Nyumba yetu ni ya mbao na ina besmenti. Nimepata tangi la kioo la galoni 180, nataka kufuga frontosa, samaki wa ziwa letu. Mke wangu hataki kelele wala mashine sebuleni, kwa hiyo nakusudia kutoboa sakafu, maji yateremke kwenye tangi la kuchujia huko chini, kisha pampu iyapandishe. Rafiki yangu ananiambia nikifunga valvu ya kuzuia maji kurudi, basi nimemaliza kazi. Ni kweli? Na sakafu niitoboe wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si kweli, na nakuomba usimsikilize rafiki yako kwa hilo. Anayeteremsha maji ghorofa nzima ajiulize kwanza: umeme ukikatika saa nane za usiku, nyote mmelala, maji yataenda wapi? Minnesota mna dhoruba za theluji. Umeme utakatika tu.

Pampu ikisimama, bomba la kupandisha maji linageuka sifoni. Linanyonya maji ya tangi la juu na kuyarudisha chini mpaka mdomo wake uvute hewa. Tangi lako lina urefu wa sentimita 183 na upana wa 61, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni lita 11 za maji. Ukiuzamisha mdomo wa bomba sentimita 10, zaidi ya lita 110 zitashuka besmenti. Ukiuweka sentimita 2 tu chini ya uso wa maji, zitashuka kama 22, pamoja na yale ya kwenye kisanduku cha kufurikia (kile cha ukingoni mwa tangi ambamo maji ya juu humwagikia kabla ya kushuka) na lita chache zilizomo kwenye mabomba. Kinga yako ni hiyo: mdomo ukae juu, na tangi la chini liwe na nafasi tupu ya kupokea maji yote hayo. Kwa tangi lako ningeacha nafasi ya lita 60, nisibishane.

Kuhusu valvu, nimezifungua nyingi kwa wateja. Ndani mna kijilango cha mpira. Frontosa wanataka maji magumu yenye pH ya 8 na nusu hadi 9, na maji hayo hujenga ukoko mweupe wa chokaa kila yanapopita. Mara ya mwisho nilikuta kipande cha ganda la konokono, kidogo kama chenga ya mchele, kimenasa ukingoni, na mpira umebaki wazi upana wa ukucha. Kwa nje valvu ilionekana mpya kabisa. Ukitaka kuiweka, iweke, lakini piga hesabu zako kana kwamba haipo.

Sasa sakafu. Kabla ya yote angalia boriti zimelala upande gani. Maji peke yake ni kilo 680. Ongeza kioo, meza na mawe, unakaribia tani moja. Tangi likae karibu na ukuta wa nje, likatize boriti kadhaa. Likilazimika kulala sambamba nazo, muite mhandisi apime kwanza, na huenda akataka nguzo besmenti. Matundu yapite katikati ya boriti na boriti. Kwa kawaida boriti hupangwa kila sentimita 40, kwa hiyo mabomba manne, matatu ya kuteremsha na moja la kupandisha, yanaenea bila kugusa mbao. Anza na tundu dogo la drili, pitisha waya, shuka chini uone umetokea wapi. Angalia nyaya za umeme, mifereji ya hita ya nyumba, na mabomba ya maji moto kama sakafu yenu inapashwa joto. Ukishapitisha mabomba, ziba pembeni kwa lakiri ya kuzuia moto, na uliza ofisi ya ujenzi ya mji kama unahitaji kibali.

Mke wako atapata ukimya wake ukiteremsha maji kwa sifoni iliyojaa. Maji yanayoshuka mita tatu yakiwa yamechanganyika na hewa hukoroma usiku kucha. Weka mabomba matatu ya kuteremsha. La kwanza lijae maji matupu bila hewa, nalo ulidhibiti kwa geti valvu (koki ya kuzungusha kidogo kidogo) iliyowekwa chini kabisa, karibu na tangi la kuchujia. La pili lipitishe maji kidogo tu, yaliyozidi. La tatu likae kavu, liwe la dharura, na usiliwekee koki ya aina yoyote. Midomo ya mabomba huko chini izame sentimita 2 au 3 tu, la sivyo hewa itashindwa kutoka na sifoni haitaanza. Panapopinda, tumia elbo mbili za digrii 45 badala ya moja ya 90.

Kwa pampu, usitazame lita zilizoandikwa kwenye boksi. Hizo ni za pampu isiyopandisha kitu. Wewe unapandisha karibu mita 4, na pampu nyingi ndogo hufika mita 3 zikakata pumzi, maji hayatoki hata tone. Tafuta jedwali lake uone inatoa nini kwenye mita 4 na nusu, maana mabomba nayo yanakula nguvu. Lita 2,700 kwa saa zinatosha. Hita iweke chini pamoja na pampu, na tangi hilo lifunikwe, la sivyo mvuke utaleta ukungu kwenye kuta za besmenti wakati wa baridi.

Kabla hujaleta hata samaki mmoja, jaza maji ya bomba, washa, subiri yatulie, kisha chomoa plagi ya pampu. Bandika utepe kwenye kioo cha tangi la chini mahali maji yalipoishia. Washa tena, ongeza maji kidogo, chomoa tena, mpaka ujue alama ambayo maji yasipite pampu ikiwa inafanya kazi. Niandikie alama hiyo imekaa wapi, na unitumie jedwali la pampu kabla hujailipia.