Talaka Tanzania Bara: anzia baraza, si mahakamani

Dada, umeuliza kama unaweza kufungua shauri la talaka bila wakili. Unaweza, ila usikimbilie mahakamani kwanza. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mpite baraza la usuluhishi wa ndoa: la kata, la kanisani au la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania). Likishindwa kuwapatanisha, dai hati yake. Hapo ndipo wengi hukwama: wanapewa kikaratasi cha "tumeshindwa" tu, mahakama inakikataa. Hati iandikwe wazi kwamba usuluhishi umeshindikana, na uifikishe mahakamani ndani ya miezi sita. Mume aliyekutoroka na hajulikani alipo ni habari nyingine, baraza si lazima.

Ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili, omba kwanza ruhusa ya mahakama.

Gharama? Mahakama ya Mwanzo ndiyo nafuu, ada yake ndogo. Kinachokausha mfuko ni wakili na nauli za tarehe zinazoahirishwa. Kama huna kitu, waone wasaidizi wa kisheria au TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, hao hawatozi wasiojiweza.

Na risiti za ujenzi usizitupe, zinaonyesha ulichochangia kwenye mali! Hata kazi za nyumbani huhesabiwa kuwa mchango kwenye mgawanyo wa mali, tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed, 1983.