Mlango wa St Lucia: mbona wasiuchimbe tu?

SWALI: Nimesoma kwamba ziwa la St Lucia, pwani ya KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, huzibwa na mchanga likakaa miaka bila kuonana na bahari. Mbona wasilete katapila, wachimbe mfereji, kamba na samaki wapite?

JIBU: Kuchimba ni kazi ya siku moja. Shughuli ni mlango ubaki wazi, na hilo haliwezi katapila. Linawezwa na maji yaliyojaa nyuma ya fungu la mchanga. Mawimbi hurudisha mchanga kila siku. Ziwa likifurika juu ya usawa wa bahari, maji yakitoka kwa kishindo hukomba mlango mpana wenye kina. Ukichimba ziwa likiwa chini unapata kijito tu, na hakikawii kuziba. Wakati wa ukame ni vibaya zaidi: bahari ndiyo huingia ndani, jua linakausha maji, chumvi inabaki. Ziwa lenyewe lina kina cha wastani wa mita 1 hivi, ndiyo maana upande wa kaskazini chumvi huweza kuizidi ya bahari mara kadhaa.

Mzizi wa tatizo ni mto Mfolozi. Zamani uliingia baharini kwa mlango mmoja na St Lucia, na tope lake lilichujwa na matete na mafunjo ya bondeni. Kinamasi hicho kilikaushwa kupisha miwa, tope likaanza kuziba mlango, na mwaka 1952 mto ukachepushwa uwe na mlango wake. Tope likapungua, lakini maji matamu nayo yakaenda zake! Ukame ulipobana, mlango wa ziwa uliziba mwaka 2002, na kufikia 2006 karibu asilimia 90 ya ziwa ilikuwa kavu. Machi 2007 mawimbi ya dhoruba yaliufungua, lakini miezi michache baadaye ukaziba tena.

Kuhusu kamba, uko sahihi. Wachanga hukulia ndani ya ziwa, kisha huhamia baharini. Mlango ulipoziba, uvuvi wa kamba kwenye kina kifupi cha bahari mbele ya mto Thukela, kusini mwa St Lucia, ulianguka.

Kuanzia 2016 mchanga uliorundikwa kati ya Mfolozi na ziwa uliondolewa, ili mto urudi. Hata hivyo Januari 2021 katapila ililetwa kuchimba mlango, ubishi ukawa mkali. Ikilazimu kuchimba, basi iwe ziwa limejaa, siku za bamvua (bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida), maji yakianza kupwa.